Sura ya Sita: Njia Hupimwa kwa Kurudi

Tarehe 1 Septemba 2019 watalii walikuwa ndani ya korongo la Ol Njorowa, katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, pale mafuriko ya ghafla yalipoingia. Watu saba walikufa, mmoja wao mwongozaji. Aprili 2012 korongo hilo hilo lilikuwa limeua vijana saba waliokuja matembezini na kanisa lao. Mbali kabisa na Kenya, Arizona nchini Marekani, watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon mwezi Agosti 1997, na mvua iliyowaua ilinyesha kilomita nyingi kutoka pale waliposimama.

Makorongo hayo hayadai misuli ya mpanda Kilimanjaro. Mtu wa kawaida mwenye viatu vizuri huingia na kutoka kwa saa chache. Watu hawa walikufa kwa sababu mahali pa kutokea palikuwa pachache, na maji yalipafunga wao wakiwa katikati.

Kisiwa cha Mafia, nchini Tanzania, hakina korongo, wala mlima. Ukiingia ndani kutoka mji wa Kilindoni unakutana na minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo juu ya ardhi iliyolala. Ndiyo maana mgeni huona kutembea Mafia ni jambo la kandambili na chupa ndogo ya maji. Lakini uzuri mwingi wa Mafia hauko mashambani. Uko kwenye Ghuba ya Chole, kati ya kisiwa kikubwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, ambako mara mbili kwa siku bahari hutoka na kuacha wazi mchanga, matope, nyasi bahari na mwamba, kisha hurudi kuvifunika. Anayetembea hapo yumo ndani ya korongo lisilo na kuta.

Tofauti ni moja, nayo ni ya heri. Mafuriko ya korongoni hayana ratiba. Maji ya bahari yanayo, na imechapishwa mapema. Kwa hiyo mtembezi wa Mafia anayekutwa na maji hana wa kumlaumu, isipokuwa aliyempeleka bila kuangalia saa. Sura hii ina neno moja kubwa, na mengine yote yanalitumikia: usichague njia kwa urefu wake wala kwa picha zake. Ichague kwa kuuliza, nikifika mwisho, nitarudi vipi, kwa muda gani, na nani kati yetu atakuwa wa mwisho kufika?

Saa ya maji

Mwambao wetu una maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kupwa na kujaa kunakofuata hupita saa sita na ushei, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakiwa yametoka kabisa leo saa nne asubuhi, kesho yatatoka karibu saa tano.

Baada ya saa, mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, huja bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na sehemu nyingi ambazo siku za bamvua hupitika kwa miguu hubaki na maji. Mafia, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufika mita tatu na zaidi, na bamvua kubwa kuliko zote huangukia karibu na Machi na Septemba. Katika mwambao huu maji ya bamvua hutoka kabisa asubuhi, kati ya saa nne na saa tano, na tena usiku saa kama hizo. Asubuhi za namna hiyo ndipo utakapowaona akina mama mwambani wakichokoa pweza, ndoo kichwani na kanga zimefungwa kiunoni. Kwao mwezi ni kalenda ya kazi. Kwako na uwe kalenda ya safari.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hutumia hesabu ya sehemu 12: katika saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu moja, saa ya pili sehemu mbili, saa ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, saa ya tano mbili, saa ya sita moja. Tia hesabu hiyo kwenye bamvua ya mita 3.3. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 27 au 28, yaani chini ya goti. Mwisho wa saa ya pili yamefika kama sentimita 82, na mtu mzima analoa hadi karibu na kiuno. Mwisho wa saa ya tatu ni mita 1.65, kimo cha watu wazima wengi. Mfereji uliouvuka mkavu saa nne asubuhi, saa saba mchana unaweza kukufunika kichwa.

Saa ya kwanza hiyo ndiyo hudanganya watu. Maji yanaonekana yamesimama, jua ni zuri, kundi linapiga picha. Kisha saa ya pili inaingia, na ya tatu haiko mbali.

Na maji hayaji kutoka mbele tu. Sakafu ya ghuba haiko sawa: kuna mafungu ya mchanga yaliyoinuka na kuna mifereji inayopita katikati yake. Maji yakianza kurudi hufuata mifereji kwanza. Unaweza kuwa umesimama juu ya fungu kavu, bahari unaiona kule mbali, na nyuma yako, kati yako na nchi kavu, mfereji umeshajaa. Atakayeangalia bahari peke yake hatalijua hilo mpaka ageuke.

Kuna alama ya kuisoma kwa macho. Simama kwenye mfereji wenye nyasi bahari na maji ya kifundo cha mguu, uangalie majani. Maji yakiwa bado yanatoka, majani yote yamelala yakielekea baharini. Maji yanaposimama, majani hulegea na kuinuka, kila moja na upande wake. Kisha, bila sauti, huanza kulala tena, safari hii yakielekea nchi kavu, na vipande vya majani makavu vinavyoelea hupita kwenye miguu yako vikienda ulikotoka. Ukiona hivyo usimalize unachofanya. Geuka.

Tunafarijiana kwa kusema maji yakijaa hupwa. Mtembezi aikumbuke na ncha ya pili ya kauli hiyo: yakipwa hujaa. Huko Uingereza, kwenye Ghuba ya Morecambe, usiku wa tarehe 5 Februari 2004 wafanyakazi 23 kutoka China waliokuwa wakiokota kombe walikufa maji yalipowazingira gizani. Hawakuwa wanyonge wa mwili. Walikuwa wageni wa mahali, waliotumwa kazini usiku kwenye mchanga unaojulikana tangu zamani kwa kuua. Ghuba hiyo hiyo imekuwa na mwongozaji rasmi wa kuvusha watu tangu mwaka 1548. Taifa lenye ramani na vyombo vya kila namna bado linamhitaji mtu anayeujua mchanga kwa miguu yake.

Majira

Kipindi kizuri cha kutembea Mafia ni kuanzia Juni hadi Oktoba, jua linapokuwa na huruma na njia za ndani zimekauka. Lakini huo ndio wakati wa upepo wa kusi, na kusi huchafua bahari. Kwa safari inayohitaji mashua, jiulize kama mashua iliyokupeleka asubuhi itaweza kukurudisha alasiri upepo ukishakaza. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto kali, na hapo adui wa kwanza ni jua. Masika, Machi hadi Mei, ni wakati wa kubaki kwenye njia fupi au kuahirisha kabisa. Mvua hugeuza matope ya mikoko kuwa mtego na kuufanya mwamba wa matumbawe uteleze.

Hatari ya majira hayo ilionekana wazi mwaka 2024. Tarehe 4 Mei mwaka huo Kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu katika kisiwa hiki hiki cha Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari siku zilizotangulia. Zoea basi kusikiliza utabiri wa mamlaka hiyo usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi, pamoja na utabiri wa bahari unaotaja upepo na mawimbi. Kwa nyakati za maji, majedwali ya Dar es Salaam yanafaa kukupangia siku. Saa yenyewe ithibitishe kwa wavuvi wa kijiji cha Utende au wa Kilindoni kabla ya kuondoka.

Njia, kuanzia nyepesi

Nimezipanga njia hizi kwa ugumu wa kurudi, maana njia fupi inaweza kuwa nzito kuliko ndefu.

Ya kwanza ni kuzunguka Chole. Kutoka Utende unavuka kwa mashua kwa dakika chache, na kisiwa chenyewe ni kidogo, njia zake ni za mchanga na kivuli ni kingi. Hapa palikuwa makao ya utawala wa Waarabu wa Omani, kisha ya Wajerumani, ambao mwaka 1913 walihamishia makao Kilindoni kwa sababu ya kina cha bandari. Magofu ya siku hizo bado yamesimama, mizizi ya miti imeyakumbatia. Mitini hulala popo wakubwa wa jamii ya Komoro, wasiopatikana popote kwingine Tanzania bara. Ongea polepole chini yao, maana wakishtuliwa mchana hupoteza nguvu wanazozihitaji usiku. Njia hii inamfaa mzee, mtoto wa miaka sita na mtu ambaye hajatembea kwa muda mrefu. Akichoka, nyumba za watu ziko karibu, na mashua iko pale pale ufukweni.

Ya pili ni magofu ya Kua, Juani. Kua ulikuwa mji wa nyumba za mawe, misikiti na jumba la sultani, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 uliposhambuliwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagaska. Leo mibuyu na vichaka vimeutawala. Kutembea kwenyewe ni kwa wastani: ardhi ni ya mawe, mizizi inakwaza, kuta za chokaa zimelegea, na kuna visima na mashimo yaliyofichwa na majani. Usipande ukuta wala usiegemee, na mtoto ashikwe mkono. Jambo la kuangalia zaidi ni pwani ya kuteremkia. Mashua hufika karibu maji yakiwa yamejaa. Yakipwa inabaki mbali, nanyi mtapita kwenye matope kuifuata. Mpange na nahodha kabla hamjashuka: mtaondoka saa ngapi, na maji yatakuwa wapi saa hiyo.

Ya tatu ni kukivuka kisiwa cha Juani kwa miguu hadi fukwe za mashariki, ambako kasa hutaga. Wengi huenda kuona vifaranga wakitoka mchangani, hasa Juni hadi Septemba, wakisindikizwa na wenyeji wanaolinda viota kwa kushirikiana na shirika la Sea Sense. Njia hupita mashambani na kwenye vichaka vya maweni, ambako jiwe la matumbawe lina makali ya kukata soli. Hakuna maji ya kunywa ya kutegemea njiani, na ukifika upande wa pili huwezi kuita mashua kirahisi, kwa kuwa mawimbi ya bahari kuu hupiga pale moja kwa moja. Ulikoenda kwa miguu utarudi kwa miguu. Anayeianza safari hii awe na nguvu za kwenda mara mbili.

Ya nne ni msitu wa Mlola, mashariki ya kisiwa kikubwa, wenye kima, komba, kenge na ndege wengi. Ugumu wake ni kupotea: vijia vya wakata kuni hufanana, na chini ya majani hakuna upeo wa kuonea bahari. Usiingie peke yako.

Ya tano ni Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini, mbele ya kijiji cha Bweni, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1892. Unaweza kutembea ufukweni upande wa Kanga na Bweni siku nzima ukitaka, na hapo ndipo tatizo lilipo. Watu hutembea kwa furaha wakiwa na upepo mgongoni, kisha hurudi na upepo usoni, jua la alasiri na chupa tupu. Halafu maji yakijaa, mchanga mgumu uliokubeba asubuhi hufunikwa, unabaki na mchanga laini wa juu unaomeza mguu. Ukienda saa moja wakati wa kupwa, tenga saa moja na nusu ya kurudi.

Ya sita, nzito kuliko zote ingawa ndiyo fupi, ni kuvuka kwa miguu kati ya Chole na Juani maji yakiwa yametoka. Wenyeji huivuka. Mgeni asiivuke bila mwenyeji, na asiivuke siku za maji mafu. Hapa kuna mikoko, kuna tope la kuzama hadi gotini na kuna mfereji. Pangeni hivi: tuseme maji yanatoka kabisa saa 4:20 asubuhi. Muwe ukingoni saa 2:30 na mngoje mwenyeji aseme twendeni. Saa 4:00 muwe mmeshafika mnakokwenda. Kama mnarudi kwa miguu, saa 4:20 iwakute mmegeuka, na kabla ya 5:20 kila mguu uwe nchi kavu. Hamkuwahi? Basi mnarudi kwa mashua, na iwe imeshaagizwa tangu jana. Msipunguze dakika hizo kwa sababu kundi lina furaha.

Pima watu kabla ya njia

Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma. Kwa hiyo usijiulize mimi naweza nini. Muulize kila mmoja mambo manne, tena faraghani, kwa sababu mbele za watu wengi hujibu kwa aibu au kwa majivuno. Unaweza kutembea saa mbili juani bila kukaa? Unajua kuogelea, au walau kuelea? Una maradhi yoyote, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, pumu au maumivu ya magoti, na dawa zako unazo? Umekula nini leo?

Hilo la mwisho lina uzito wake katika kisiwa chenye Waislamu wengi. Mwezi wa Ramadhani mwongozaji wako huenda amefunga. Mpe safari ya asubuhi mapema, fupi, na usimtake abebe mzigo wako juani.

Asiyejua kuogelea haachwi nyumbani. Anapewa njia ya Chole, Kua au Mlola, na kwenye mashua anavaa koti la kujiokolea tangu anapopanda mpaka anaposhuka. Mjamzito, mzee na mtoto mdogo wasipelekwe kwenye mchanga wa maji kupwa mbali na ukingo, hata kama wanatembea vizuri, kwa kuwa maji yakianza kurudi itahitajika haraka ambayo miili yao haina. Kama kuna mmoja ambaye hafai kwa njia iliyochaguliwa, badilisha njia. Kumwacha peke yake juu ya fungu “atungoje hapo” ni kosa kubwa kuliko yote ninayoyajua katika matembezi ya pwani.

Jaribio ni rahisi. Siku moja kabla, wote watembee kutoka kijijini hadi ufukweni na kurudi na mizigo yao, saa za joto. Aliyerudi akitafuta kivuli na kiti ameshakujibu.

Mzigo

Miguuni vaa raba za zamani zenye soli ngumu na za kufunga kamba. Kandambili hung'olewa na tope, na peku mwambani ni kutafuta miiba. Kichwani kofia ya ukingo mpana au kilemba, mwilini shati la mikono mirefu, jepesi. Mchanga mweupe hurudisha jua kutoka chini, hivyo hata mwenye kofia huungua shingo na kidevu.

Maji ya kunywa yasipungue lita tatu kwa mtu mzima kwa safari ya nusu siku, na mnywe kabla ya kiu. Bebeni paketi za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, changanya vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Mtu aliyeacha kutoka jasho, anayeumwa kichwa na kusema maneno yasiyoeleweka amepigwa na joto. Kivuli, kumwagiwa maji mwilini na upepo wa kanga vianze hapo hapo, na safari iishie hapo.

Chukua fimbo ndefu, ya kupimia kina cha tope na maji mbele yako. Chukua filimbi, kamba ya mita kumi, tochi hata kama unatoka asubuhi, na simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mtandao una mahali unakatika, kwa hiyo simu haichukui nafasi ya mtu wa nchi kavu anayejua mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Mwachie maelezo hayo kwa maandishi.

Kwenye maji ya gotini tembea kwa kuburuta miguu. Samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga mwembamba, na akisikia mtikisiko huondoka. Akikanyagwa huchoma kwa mwiba wa mkiani. Mwambani yuko pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Aliyechomwa na mmoja wa hawa atolewe majini, kidonda kikae kwenye maji ya moto anayoweza kuyastahimili, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenzake ndiye ayapime maji kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu hawezi kupima. Kisha apelekwe Hospitali ya Wilaya, Kilindoni. Na usiokote konokono wa baharini mwenye gamba la umbo la pia, hata awe mzuri namna gani: baadhi yao wana sumu ya kuua.

Ruhusa na wenyeji

Sehemu kubwa ya njia hizi imo ndani au kando ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822. Kuna kiingilio, nacho hulipwa kabla ya kuanza. Gamba, tumbawe na yai la kasa hubaki vilipo.

Kijijini anza na salamu. Mzee apewe shikamoo yake kabla hujauliza njia, na vazi la kuogelea libaki kwenye maji. Pamoja na kuwa adabu, huo ni ulinzi: aliyesalimu watu anaonwa, anakumbukwa, na asiporudi kuna atakayeuliza.

Chagua mwongozaji kwa maswali. Maji yanatoka saa ngapi leo, na kesho? Mfereji upi hujaa kwanza? Tukikwama, mashua ya nani itakuja? Anayejibu papo hapo, bila kuangalia simu, mlipe vizuri. Na akisema leo hapana, mlipe pia kwa asubuhi aliyokupa, maana mwongozaji anayepoteza ujira kila anapokataa ataanza kukubali.

Maji yakikukuta

Hata aliyejiandaa anaweza kucheleweshwa na mguu ulioteguka. Basi shikaneni, msitawanyike. Rudini kwa njia mliyojia ikiwa bado inapitika, kwa sababu mnaijua. Njia ya mkato kwenye tope msilolijua hula muda. Mfereji wenye mkondo unaozidi magoti msiuvuke kwa miguu. Pandeni fungu lililo juu zaidi au kwenye shina nene la mkoko, inueni kanga au shati kwenye fimbo, pigeni filimbi tatu tatu, pigeni simu kwa mwenye mashua kwanza, kisha 112. Fanyeni hivyo maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu, msingoje kiuno. Msaada wa haraka Mafia ni nahodha na mvuvi aliye karibu, naye anahitaji nusu saa ambayo wewe tu ndiye unaweza kumpa.

Aliyezama kwenye tope asikurupuke. Aegemee nyuma, atandaze uzito, atikise mguu mmoja polepole mpaka maji yaingie pembeni yake, ndipo auvute. Mvutaji asimame mahali pagumu na atumie fimbo au kamba.

Kwa mwenye hoteli, mwalimu anayeleta wanafunzi na kiongozi wa kikundi cha vijana nina ombi moja. Bandikeni ubaoni kila asubuhi saa ya maji kutoka, saa ya kugeuka, na jina la mwenye mashua wa siku hiyo. Ni mistari mitatu ya chaki. Nawe msomaji, kama huwezi kuitaja saa ya kugeuka, safari ya mchangani siku hiyo si yako. Nenda Chole ukawaone popo, na uusubiri mwezi uandame.